Pikapu Iliyokosa Pumzi

Kitu cha kwanza kwenda kombo kilikuwa moshi wa sigara.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, na upepo wa Ufipa ulikuwa unavuma kutoka mashariki kama ada yake, upepo ule mkavu wa kupasua midomo, umelaza nyasi zote za Katandala upande mmoja. Bashiri alisimama kando ya pikapu yake, boneti limefunguliwa, akavuta sigara na kupuliza. Moshi ulipaswa kumrudia usoni. Haukumrudia. Ulinyooka kama uzi, ukaupinga upepo, ukaingia kwenye dirisha la pikapu na kupotelea ndani.

Fundi Polikarp aliuona. Akapepesa macho, akadhani ni baridi.

"Zima hiyo, tajiri," alisema. "Gari linanuka petroli namna hii, wewe unaleta moto? Unataka tuzikwe kwenye kopo?"

"Mfipa mzima unaogopa moto! Nasikia ninyi mnasafiri kwa ungo."

"Tunasafiri, ndiyo. Ndiyo maana sisi hatulali njiani kama wewe na hili kopo lako."

Bashiri alicheka, akaikanyaga sigara. Alikuwa mfanyabiashara wa pale mjini, mtoto wa wenye maduka, na pikapu ile aliinunua kwenye mnada wa shirika moja la usafirishaji lililokufa miaka ile serikali ilipoanza kuyaachia mashirika yake. Polikarp alikuwa fundi wa shirika hilohilo kwa miaka kumi na minne. Siku moja magari yalipigwa mnada na mafundi wakapewa barua. Sasa alikuwa na gereji yake mwenyewe, nguzo nne na mabati sita, imeegemea ukuta wa nyumba yake; na pikapu ile aliijua kama mtu anavyomjua ng'ombe aliyemkamua tangu ujana.

"Haya, sema inaumwa nini."

"Inalewa petroli," Bashiri alisema. "Wiki ya pili sasa. Asubuhi haiwaki. Ikiwaka, inakohoa moshi mweusi. Nikifika kilimani na magunia yangu ya maharage, nguvu zinaisha kabisa, nabaki kuisukuma kama toroli."

Injini ya petroli, kwa mtu asiyeijua, ni kama jiko. Hula vitu viwili, mafuta na hewa, tena kwa kipimo, na kabureta ndiye mpishi anayevichanganya. Hewa ikipungua, mafuta huzidi. Plagi hulowa, cheche hufa, injini hukohoa na kuishiwa nguvu. Kwa hiyo fundi mwenye akili, akikuta injini imelewa, haulizi tu mafuta mengi yametoka wapi. Huuliza pia hewa imekwenda wapi.

Polikarp alizifungua plagi nne. Zilikuwa nyeusi, zinachuruzika petroli. Akazikausha juani. Akafungua kabureta, akalitazama boya lake, lile linalofunga mafuta yakishajaa. Akalitikisa sikioni, akalizamisha kwenye maji ya moto aone kama litatoa mapovu. Halikutoboka. Sindano ilikaa vizuri. Choki, kile kibati cha kubana hewa, ilifunguka yote. Akalitoa chujio la hewa, akajaribu injini bila chujio. Ikalewa tena.

Basi akafanya wanavyofanya mafundi wote wa nchi hii. Alizifungua jeti, vile vitundu vya shaba vya kabureta vyembamba kama tundu la sindano, akaviweka mdomoni kimoja kimoja, na kupuliza.

Alipopuliza cha mwisho alihisi kitu kidogo. Pumzi yake haikwama wala haikupita. Ilipokewa. Ilivutwa kutoka kwake taratibu, kama mtoto anavyovuta titi, na alipotaka kuacha ilimbidi ashike jeti kwa vidole na kuibandua kwenye midomo.

Pikapu iliwaka kwa mshindo mmoja, ikanguruma laini kama iliyotoka kiwandani jana. "Wewe ni mchawi!" Bashiri alisema kwa furaha, akaondoka.

Jioni ile, kwenye mazoezi ya kwaya ya parokia, Polikarp alishindwa kufika mwisho wa sauti. Alikuwa ndiye besi wa Katandala. Mwalimu wa kwaya, Clemens, alizoea kumwachia sauti ya mwisho aishike peke yake mpaka wazee watikise vichwa. Safari hii ilikatika katikati kama kamba iliyooza.

"Leo besi amekuwa mbuzi," mkewe Bertha alimtania njiani, Debora wao wa miezi saba amelala mgongoni.

"Vumbi la gereji," Polikarp alisema.

Siku tatu baadaye pikapu ilirudi, imelewa. Alipima yote upya, yote yalikuwa mazima. Alipuliza jeti, ikawaka. Baada ya siku mbili ikarudi. Akapuliza, ikawaka. Kila ilipoondoka ikiwa na nguvu, Polikarp alibaki ameshika nguzo ya gereji. Ikafika siku akawa anapumzika mara mbili kati ya bomba la maji na mlango wake. Bertha aliacha kumtania. Usiku alikuwa akiweka kiganja mbele ya pua ya mumewe, na pumzi aliyoihisi ilikuwa ndogo kama ya kuku.

"Baba Debora, nenda hospitali."

"Nilikwenda. Wamesikiliza kifua, wanasema hakina kitu."

"Hakina ugonjwa?"

"Hakina kitu," alisema Polikarp.

Mara ya nane Bashiri aliiacha pikapu gereji mpaka kesho yake. Polikarp aliamua kutumia akili. Aliazima pampu ya baiskeli kwa jirani, akazisafisha jeti zote kwa pampu, mdomo wake usiziguse kabisa. Upepo wa pampu ni mkali kuliko wa mtu; shaba iling'aa. Akafunga, akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka. Alipofungua plagi alikuta zimelowa mpaka petroli inadondoka kwenye kiatu.

"Basi lala hapo," aliiambia, akaingia ndani kunawa.

Jua lilikuwa linazama. Bertha alikuwa jikoni anasonga ugali, na Debora alikuwa kitandani, upande wa ukuta ule ulioegemewa na gereji. Polikarp alikuwa ameinama kwenye beseni alipoisikia sauti ambayo masikio yake yaliijua kabla akili haijaijua. Ilikuwa sauti ya injini iliyolewa: kukohoa, kukwama, kuvuta, kukwama. Alidhani Bashiri amekuja kujaribu gari. Kisha akatambua kwamba sauti haitoki nje.

Debora alikuwa amekunja ngumi. Mdomo wake ulikuwa wazi, midomo imeanza kuwa ya buluu, na kifua chake kidogo kilikuwa kinapanda bila kushuka, kinavuta na hakipati, na nywele zake laini za utosini zote zilikuwa zimelala upande mmoja, kuelekea ukutani, kana kwamba upande wa pili wa matofali kuna mtu amebandika mdomo na anavuta.

"Mama yangu! Mtoto!" Bertha alipiga kelele mlangoni. "Polikarp, mtoto anakufa!"

Polikarp hakumgusa mtoto. Bertha hajalisahau hilo mpaka leo. Aligeuka, akatoka mbio, akaifungua kabureta, skrubu zikimponyoka mchangani, akaiweka jeti mdomoni na kupuliza, akapuliza yote aliyokuwa nayo, mpaka dunia ikawa nyeusi pembeni. Ndipo akasikia, kutoka ndani ya nyumba, kilio cha Debora, kilio kizima cha mtoto mwenye mapafu.

Alikaa chini kwenye mchanga uliolowa petroli. Sasa alijua hewa inakwenda wapi.

*

Asubuhi Bashiri alipokuja, hakuwa na utani.

"Fundi, usinicheke," alisema kwa sauti ya chini. "Juzi nilimwita maalim aisomee hii gari. Nilidhani nimerogwa na wenzangu wa soko. Akafukiza ubani. Akaniambia, Bashiri, kama ni jini, mimi simjui, na yeye hanijui. Maana hakustuka hata kidogo. Moshi wote wa ubani uliingia nyuma ya kiti."

"Nyuma ya kiti?"

"Wote. Kama umemezwa."

Polikarp aliukumbuka moshi wa sigara. Alikuwa ameuona siku ya kwanza, dirishani, si kwenye injini. Lakini yeye ni fundi wa injini, na fundi hutafuta pale anapopajua. Alikilaza kiti mbele. Nyuma yake, kati ya jeki na gunia kuukuu, kulikuwa na kipande cha bomba la udongo wa kuchoma, kinene kama paja, kirefu kama mkono, ncha moja imeyeyuka na kuwa kioo cheusi.

"Hiki nini?"

"Si kigingi cha tairi? Handibreki haishiki, unajua mwenyewe. Nikisimama kilimani naliweka hilo chini ya gurudumu. Ni zuri, halitelezi kama jiwe."

"Ulilitoa wapi?"

"Njia ya kijiji cha Kate. Pale juu ya kilima kirefu kuna kichuguu kikubwa kuliko mtu, kina matundu chini. Nilikwama, nikalichomoa kwenye tundu moja."

"Bashiri," Polikarp alisema, na hakumwita tajiri, "kile si kichuguu."

Aliweka kiganja mbele ya mdomo mmoja wa bomba. Hewa ilikuwa inaingia, baridi na polepole. Akaweka kiganja cha pili kwenye mdomo wa upande wa pili. Huko nako hewa ilikuwa inaingia.

*

Shangazi yake Josefina alikaa Malangali, hapohapo pembezoni mwa mji, nyuma ya shamba lake la ulezi. Alikuwa bibi mwembamba, mwenye ulimi, na alikuwa akipepeta walipofika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuwa mwembamba kama mwanzi. Huyo mke hapiki?"

Polikarp alilifungua gunia na kumwonyesha bomba. Ungo wa bibi ukasimama hewani.

Watu wa Ufipa walifua chuma chao wenyewe kabla majembe ya madukani hayajaja. Matanuru yao marefu ya udongo, waliyoyaita malungu, mengine yamesimama mpaka sasa kwenye nyasi, na Isdori, baba yake Josefina, aliyahudumia akiwa kijana.

"Umelipuliza?" bibi aliuliza.

"Nilipuliza jeti za gari, shangazi. Hili lilikuwa nyuma ya kiti."

"Sikukuuliza hilo. Umeleta mdomo wako, ukatoa pumzi, ikapokewa?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Saba. Na jana ya nane."

Josefina aliuweka ungo chini. "Makabila mengine walivukuta moto kwa mifuko ya ngozi," alisema taratibu. "Mtu anakanyaga, upepo unakwenda. Sisi tulikuwa na matanuru ambayo hakuna aliyevukuta. Yalivuta yenyewe, usiku na mchana, mpaka jiwe linalia. Nikiwa mdogo nilimuuliza baba, nani anavuta? Akanipiga kofi. Ndilo kofi pekee alilowahi kunipiga." "Wakimaliza kuyeyusha, waliziba midomo yote kwa udongo mbichi, huyo anayevuta alale. Na mwiko ulikuwa mmoja. Mtu asilete mdomo wake pale. Hewa ya Mungu inamtosha huyo. Akionja ya mtu, hataki nyingine."

Bashiri alikuwa amejifunika kofia usoni. "Astaghafirullah. Mimi nimemchomoa kama muhogo."

"Wewe ulimwamsha. Huyu ndiye aliyemlisha, na sasa anamjua mpaka kwa damu yake. Mkilitupa litabaki na njaa, na njaa yake mmeiona ilikwenda kwa nani." Alimshika Polikarp mkono. "Lirudishe kwenye tundu lake leo, uzibe kwa udongo uliofinyangwa kwa mkono wako. Na nisikilize, mwanangu, kama hukunisikiliza maisha yako yote. Mdomo ule ukiwa wazi mbele yako, unaweza kutoa pumzi, lakini usivute. Hata kidogo. Atakachokurudishia si chako."

*

Walifika chini ya kilima cha njia ya Kate saa tisa, ukungu umeshuka. Pikapu ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Bashiri alipiga stata mpaka betri ikachoka. Harufu ya petroli ikajaa.

"Imelewa," alinong'ona. "Fundi, utapuliza?"

Polikarp alitazama boneti. Alijua akipuliza itawaka, na alijua pia kwamba kifuani mwake imebaki pumzi ya kazi moja tu. Akawaza nyumba yake kule Katandala, na Bertha aliyekaa tangu asubuhi na mtoto mapajani, mkono wake mbele ya pua ndogo, anasubiri.

"Nitapanda kwa miguu. Wewe kaa."

"Peke yako?"

"Ananijua mimi."

Alijitwika bomba begani, donge la udongo mbichi kwenye mfuko, akaanza kupanda. Hatua kumi, akapumzika. Hatua tano, akapumzika. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuiona njia, lakini hakuihitaji, kwa sababu ukungu wenyewe ulikuwa unakwenda. Ulipita kando ya masikio yake kwa vijito vyembamba, ukipanda kilima pamoja naye, wote ukielekea mahali pamoja, na nyasi zilikuwa zimelala kuelekea huko, na shati lake lilikuwa linamvuta mgongoni kuelekea huko, na ule mdomo wa bomba uliokuwa karibu na shavu lake ulikuwa unavuta jasho lake likauka kabla ya kudondoka, na kadiri alivyopanda ndivyo alivyosikia, mbele, chini ya mlio wa upepo, sauti nene isiyokatika, ya kina, tamu, sauti ya besi, na akatambua kwamba ni sauti yake mwenyewe, ile aliyoipoteza kwenye kwaya, anaishikilia mtu mwingine.

Tanuru lilitokea ghafla, refu kuliko yeye mara mbili, limesimama wima kwenye ukungu. Chini kulikuwa na midomo yake, yote imezibwa kwa udongo wa zamani, isipokuwa mmoja.

Alipiga magoti. Akatoa pumzi yote, akafunga midomo. Akalisukuma bomba ndani. Liliingia kama jino kwenye ufizi wake. Akachukua udongo, akaanza kuziba. Kifua kiliwaka. Vidole vilikuwa vizito, na udongo ulikuwa ukivutwa ndani donge kwa donge, ukimezwa, ikabidi aongeze na kuongeza, machozi yakimtoka, na masikioni mwake akasikia kukohoa, kukwama, kuvuta, kukwama, sauti ya Debora, ikitoka ndani ya tundu, karibu kabisa, na tundu lilikuwa limebaki dogo kama jeti, kama tundu la sindano, donge moja tu limebaki, na donge lilikuwa mkononi mwake, na mwili wa binadamu ukifika hapo haumuulizi mwenyewe.

Alivuta. Mara moja, kidogo, kwa pua.

Ilikuwa hewa ya uvuguvugu, yenye harufu ya mkaa na chuma kilicholowa. Ilishuka kifuani mwake kama uji kwa mgonjwa. Akabandika donge, akalikandamiza kwa viganja vyote viwili. Sauti ikakoma. Nyasi zikasimama. Upepo wa Ufipa ukarudi, kutoka mashariki, kama ada yake.

Chini ya kilima pikapu iliwaka kwa stata ya kwanza, na Bashiri aliimba kaswida mpaka mjini. Nyumbani Bertha aliwapokea mlangoni akilia na kucheka. Debora alikuwa ametulia tangu saa kumi, amenyonya, amelala.

"Shangazi alisema usivute," Bertha alimuuliza jioni, alipokwisha kusimuliwa. "Hukuvuta?"

"Sikuvuta," Polikarp alisema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mkewe.

*

Jumapili alirudi kwenye mstari wa besi. Milango ya kanisa ilikuwa imefungwa kwa ajili ya baridi. Bertha alikaa benchi la mbele, Debora mapajani, na alipoiona rangi ya mumewe imerudi alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Wimbo wa mwisho, mwalimu Clemens alinyanyua mkono na kumwachia sauti ya kumalizia. Polikarp aliishika. Ilikuwa nene, imejaa, nzuri kuliko zamani. Wazee walitikisa vichwa. "Fundi amepona!" mama mmoja alinong'ona. Clemens alishusha mkono kumwonyesha inatosha. Polikarp aliendelea. Kifua chake hakikupanda wala kushuka. Tabasamu za watu zilianza kupungua, moja moja.

Bertha ndiye aliyeangalia altare. Moshi wa ubani, uliokuwa unapanda wima, ulijikunja. Ukanyooka kama uzi na kuanza kupita juu ya vichwa vya watu kuelekea kwenye kwaya. Ndimi za mishumaa sita zililala upande huohuo. Na mapajani mwake Debora alikunja ngumi, akafungua mdomo, nywele za utosini zikalala.

Bertha alimfunika mtoto uso kwa kanga, akasimama, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, bila kuyatoa macho yake kwa mumewe.

Polikarp alimwona. Akaelewa. Akafumba mdomo kwa nguvu zake zote.

Sauti ikakatika. Ndimi za mishumaa hazikunyooka; bado zilimwelekea yeye.